Kifaa Namba Kumi na Mbili

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba, saa tano kasorobo asubuhi, pale Bwana Mbae, Mkurugenzi wa Kanda wa Mamlaka ya Viwanda vya Kesho, alipopanda juu ya kreti ya soda nje kidogo ya mji wa Isiolo na kutangaza kwamba tumeingia rasmi katika wakati ujao.

"Kuanzia dakika hii," alisema, "Kampuni ya Magari ya Umeme ya Kimulimuli imekinunua kiwanda cha wenzao wa Swara, waliofilisika. Imenunua ardhi, majengo, mitambo, na kila kitu kilichomo ndani ya ua, chenye uhai na kisicho na uhai!"

Watu wakapiga makofi. Jattani naye akapiga mawili, kwa sababu alikuwa amesimama karibu na meza ya mandazi na hakutaka aonekane mtu wa nongwa. Kofi la tatu lilimkwama hewani. Ngamia wake alikuwa ndani ya ua.

Kwa faida ya wale ambao hawakubahatika kufuatilia maendeleo, ni vizuri waelezwe ngamia huyo alifikaje humo. Kampuni ya Swara ilikuwa ikitengeneza pikapu za umeme, nzuri, kimya, zenye viti vinavyonukia dukani. Zilikuwa na kasoro moja tu: zilikuwa zinaenda, hazirudi. Pikapu ingetoka kiwandani kwa mbwembwe ikishika barabara ya Merti, na ikifika kilomita ya thelathini ingekata roho. Hapo aliitwa Jattani. Jattani alikuwa mzee wa miaka sitini na moja, elimu darasa la tatu, na alikuja na ngamia jike mweupe aitwaye Adi, akafunga kamba, akaivuta ile pikapu mpaka nyumbani. Kwa miaka miwili magari ya Swara yalitoka kwa umeme na kurudi kwa ngamia. Meneja wa Swara aliuita utaratibu huo "mfumo wa nishati mseto," na aliwahi kwenda kuuzungumzia ng'ambo. Malipo ya Jattani yalikuwa Adi anywe maji ya tangi la kiwanda mpaka atosheke.

Asubuhi ya Jumanne hiyo walikuwa wametoka kuvuta pikapu ya mwisho. Haikuwa na betri ndani, ilikuwa nyepesi kama kitanda cha kamba, maana Adi alikuwa na mimba ya miezi kumi na moja na Jattani hakuwa mjinga. Alimfunga karibu na tangi anywe. Kisha akasikia harufu ya mandazi.

Sasa, vitabu vya Swara vilisema kiwanda kina magari kumi na mawili. Kamati ya Kukabidhi ilihesabu ikapata kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa kijijini Biliqo, ambako familia moja ilikuwa imeligeuza zizi la vitoto vya mbuzi, na ilipoombwa ilirudisha jibu kwamba haiwezekani, mbuzi wameshazoea. Lakini bango la sherehe lilikuwa limeshachapishwa, na liliandikwa kumi na mawili. Bwana Mbae akazunguka ua mara moja, mikono nyuma. Aliporudi alimwambia karani wake Kiugu aandike: *Kifaa Namba 12. Cha kuvuta. Rangi nyeupe. Hakitumii mafuta.*

Jattani alisubiri wageni wapungue, akamfuata.

"Bwana mkubwa, samahani. Hiyo ngamia ni yangu."

"Ngamia gani?"

"Hiyo. Nyeupe. Inakuangalia."

Bwana Mbae akageuka. Adi alikuwa kweli anamwangalia, huku akitafuna kitu ambacho hakuwa amekitia mdomoni leo.

"Mzee, mimi sioni ngamia hapo. Naona Kifaa Namba Kumi na Mbili."

"Iko na mimba."

"Kifaa chenye uwezo wa kujiongeza. Hiyo tutaandika kwa ripoti."

"Bwana, ilikuwa inakunywa maji tu. Kata hiyo jina kwa karatasi, mimi niende."

"Nikikata," Bwana Mbae alisema kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu, "itamaanisha orodha ilikuwa na makosa. Orodha haiwezi kukosea, mzee wangu. Imeshasomwa mbele ya wageni."

"Sasa kama mngeandika mimi ni jiko?"

"Kama ungeandikwa jiko tungetafuta kuni."

Akaingia kwa gari lake, la dizeli, akaondoka.

Ukweli ni kwamba Adi hakuwa hata wa Jattani. Alikuwa wa Habibo, mkewe. Mama yake Adi ndiye aliyetoka kwa kundi la baba yake Habibo siku ya harusi, na ukame ulipopita ukachukua uzao wake wote, akabaki Adi peke yake. Kisha Habibo mwenyewe akaugua. Pale zahanati alilazwa sakafuni, kando ya kitanda kipya kilichofungwa utepe mwekundu, kwa sababu kitanda kilikuwa hakijazinduliwa. Mzinduzi alifika siku nne baada ya mazishi. Akakata utepe, akapigwa picha, akajilaza juu yake kidogo kuonyesha kwamba ni imara. Tangu hapo Jattani aliwalaumu wakubwa kwa kila kitu: mvua, bei ya sukari, goti lake la kushoto. Watu walisema amezidisha. Lakini hakuna mkubwa aliyewahi kuja kukanusha habari ya goti.

Fardosa, mdogo wake Habibo, aliuza maziwa ya ngamia karibu na stendi ya magari ya Merti, mitungi ya manjano imepangwa mbele yake kama darasa. Alimwona Jattani akija peke yake, bila kamba mkononi.

"Shemeji, ngamia ya dada yangu iko wapi?"

"Imenunuliwa."

"Na nani?"

"Kampuni."

"Nani ameuza?"

"Hakuna mtu ameuza."

"Basi imeibwa."

"Hapana. Kulikuwa na sherehe. Watu walipiga makofi."

Fardosa akaweka mtungi chini polepole. "Na wewe ulipiga?"

Jattani akaangalia barabara. "Mara mbili tu."

"Wallahi! Unaibiwa na unapiga makofi! Na nani alikutuma kufunga ngamia na mimba kwa gari ya watu?"

"Ni hawa wakubwa—"

"Wakubwa walishika kamba? Nisikilize, shemeji. Imebaki miezi miwili. Ikizalia ndani ya hiyo waya, ndama pia wataandika namba. Kitu ya Habibo yote itaisha kwa watu ya betri. Nenda utoe ngamia. Ukikosa kuitoa, usinisalimie."

Basi Jattani akawa na kazi moja duniani: kumtoa Adi kabla hajazaa. Alirudi kiwandani kila siku na majani. Ili aruhusiwe kupita alivalishwa kitambulisho shingoni. Kilisema *Mhudumu, Kifaa Na. 12.*

Meneja mpya wa Kimulimuli aliitwa Ridwan. Alikuwa mtoto wa Isiolo hapo hapo, wa zile familia za wasafirishaji ambao babu zao walikuja na jeshi la mkoloni, na alijua ngamia ni nini. Lakini alikuwa amesoma sana, na makao makuu Nairobi yalikuwa yamemtumia fomu ya kujaza kwa kila kifaa. Alimjia Jattani akiwa na tableti na aibu.

"Salaam aleikum, adeer," alisema, akimwita ami kwa Kisomali cha kwao.

"Aleikum salaam. Umekuja kuniachilia ngamia?"

"Nimekuja na maswali kidogo tu. Hii Namba Kumi na Mbili, ikijaa, inakaa siku ngapi bila kujazwa tena?"

"Kumi. Kama kuna majani mabichi, hata mwezi."

Ridwan akaandika. "Kujaza inachukua muda gani?"

"Robo saa, kama hakuna mtu anampigia kelele."

"Kwa siku inaenda kilomita ngapi?"

"Arobaini bila kujisumbua."

"Uwezo wa kubeba?"

"Kilo mia mbili. Akikasirika, sifuri."

"Kelele?"

"Ananung'unika asubuhi. Nani hanung'uniki?"

Majibu hayo yalifika Nairobi saa sita. Kufikia saa nane makao makuu yalikuwa yamejibu, na kwa kawaida hujibu baada ya wiki tatu. Ridwan aliusoma ujumbe kwa sauti, na sauti ikawa inapungua kadiri alivyosoma. Hongera kwa kanda ya Isiolo. Katika historia ya kampuni hakijawahi kuonekana kifaa cha kukaa siku kumi kwa robo saa ya kujazwa. Namba 12 isitoke nje ya ua kwa hali yoyote ile. Uzinduzi utakuwa Alhamisi, tarehe kumi na moja Desemba. Mgeni rasmi atakuwa Mwenyekiti wa kampuni mwenyewe. Mbele yake, wahandisi wataifungua Namba 12 ili dunia ione betri yake.

"Kuifungua ni nini?" Jattani aliuliza.

"Ni... kufungua, adeer."

"Kufungua kamba?"

Ridwan alionyesha tu kwa kidole, kuanzia kifua cha Adi mpaka mwisho wa tumbo.

"Waambie ni ngamia!"

"Nitawaambiaje? Wameshanipandisha cheo."

Jattani alitoka pale akitembea haraka kuliko goti lake lilivyoruhusu, akaenda moja kwa moja kwa Daktari Nafiso wa mifugo. Huyu mama aliogopwa Isiolo nzima. Aliwahi kuzuia mbuzi wa harusi ya mkubwa fulani nusu siku, bibi harusi akisubiri, kwa sababu mbuzi mmoja alikuwa amehesabiwa mara mbili. Alimsikiliza Jattani bila kumkatiza. Kisha akafungua rejista kubwa, akapuliza vumbi, akapitisha kidole kwenye mistari.

"Mzee, hiyo ardhi ya kiwanda imeandikwa nini hapa?"

"Mimi sijui kusoma hiyo."

"Imeandikwa uwanja wa kusubirisha mifugo. Mahali mifugo inakaa ikingoja soko. Swara walipojenga, kulikuwa kuundwe kamati ya kubadilisha hii rejista. Iliundwa. Ilikosa viti. Kwa hivyo mpaka leo ni uwanja wa mifugo, na mnyama hakai pale bila fomu, na hatoki bila kibali. Nitakuja kesho."

Alikuja. Walisimama kando ya tangi: yeye na fomu zake, Bwana Mbae, Ridwan, Kiugu mwenye muhuri, na Jattani akiwa ameshika majani.

"Mnyama amepatikana kwa njia gani?" Nafiso alisoma. "Kununua, kurithi, kuazima, au njia nyingine. Njia nyingine mtaeleza polisi."

"Kununua," Bwana Mbae alisema.

"Risiti?"

"Swara walituuzia."

"Swara walimnunua kwa nani?"

Adi akapiga chafya.

"Kurithi?" Nafiso aliendelea. "Nani wako amekufa, Bwana Mkurugenzi, akakuachia ngamia?"

Bwana Mbae aliwapitia jamaa zake wote wa Meru, akarudi mikono mitupu.

"Basi imebaki kuazima na polisi."

"Weka kuazima," alisema, akitazama saa. Alikuwa anachelewa kwenda kwa semina ya siku mbili kuhusu unyenyekevu kazini.

"Kuazima kwa Waborana kuna desturi yake," Nafiso alisema. "Mzee, eleza."

"Ni dabaare," Jattani alisema. "Mtu hana kitu, nyumba yake haina maziwa, mwenye mifugo anamuonea huruma. Anampa mnyama akae naye, akamue, watoto wasilale njaa. Lakini mnyama si wake. Na yule ndama anazaliwa, na mwenye atazaliwa na huyo ndama, yote ni ya mwenyewe."

"Ndivyo fomu inavyosema hapa chini," Nafiso alisema, akiandika kwa mwandiko wa kuchapa. "Mwenye mnyama: Jattani. Mpokeaji: Mamlaka na Kampuni. Sababu ya kuazimwa: mpokeaji hana kitu. Wazao wote ni mali ya mwenye mnyama. Sahihi hapa."

Bwana Mbae akatia sahihi bila kusoma, kwa sababu mtu wa cheo chake akianza kusoma kila anachotia sahihi kazi zitasimama. Ridwan akatia yake bila kuinua macho. Kiugu akagonga muhuri. Jattani akaweka kidole.

"Sasa nimchukue?" aliuliza.

"Kutoka langoni ni fomu nyingine," Nafiso alisema. "Hiyo inataka sahihi ya mwenye uwanja."

Mwenye uwanja, kwa rejista, alikuwa bado Mamlaka, yaani Bwana Mbae, ambaye alikuwa tayari ana mguu mmoja ndani ya gari.

"Baada ya uzinduzi, mzee."

"Baada ya uzinduzi atakuwa amefunguliwa!"

"Basi itakuwa rahisi kumbeba."

Novemba ikaisha hivyo. Kimulimuli, kusema haki, walichapa kazi. Walileta vyuma kwa malori, wakafufua mitambo ya Swara, na kufikia Desemba kulikuwa na magari mapya ishirini na manne yamepangwa uani, yanang'aa kama meno ya mgeni. Mpango ulikuwa yatoke langoni kwa msafara, yapite katikati ya mji yakipunga bendera, yarudi, kisha Namba 12 ifunguliwe. Adi alikuwa amejaa mpaka anatembea kama anabeba ndoo. Kila siku Jattani aliweka mkono ubavuni mwake na kumwambia kitu cha Kiborana ambacho hakimhusu mtu mwingine.

Siku tatu kabla ya sherehe, Daktari Nafiso akatokea tena na boksi la fomu.

"Nasikia kuna vitu ishirini na nne vinataka kutoka kwa uwanja wangu."

"Hayo ni magari!" Bwana Mbae akashangaa.

"Rejista haina neno gari. Inasema chochote kitakachotoka kwa lango hilo kitatoka na kibali cha kuhamisha mifugo. Mimi pia nimeona ni ajabu. Lakini karatasi haiwezi kukosea, Bwana Mkurugenzi, ama namna gani?"

Bwana Mbae alifungua mdomo, na ikaonekana kwamba amekutana na maneno yake mwenyewe. Mwenyekiti wa kampuni alikuwa anakuja Alhamisi. Leo ilikuwa Jumatatu.

"Jaza," alimwambia Kiugu.

Wakaanza na gari la kwanza. Jattani aliketi chini kando ya Adi, hatua chache tu, akisikiliza.

"Macho?" Nafiso aliuliza.

"Mawili," Kiugu alisema. "Yanawaka."

"Miguu?"

"Minne. Na mmoja wa akiba nyuma."

"Chapa?"

"Iko mbele. Kidudu cha kimulimuli."

"Meno?"

Kiugu akafungua boneti, akachungulia kwa muda. "Hakuna."

"Basi ni ndama. Andika ndama. Mama?"

Kiugu akainua kalamu.

"Mama," Nafiso alirudia. "Ndama hawezi kutoka bila kuandikwa mama yake, ndivyo wezi wanavyoshikwa. Na lazima awe ni mama mwenye fomu ndani ya uwanja huu. Nafasi ikibaki wazi, kibali ni bure."

Wote wakageuza shingo, mmoja baada ya mwingine, kuelekea tangini. Ndani ya ua mzima kulikuwa na mama mmoja tu mwenye fomu.

"Andika Namba Kumi na Mbili, twende tukale," Bwana Mbae alisema.

Kiugu alikuwa karani wa miaka ishirini na saba kazini, na hakuwahi kuuliza swali. Siku hiyo lilimponyoka. "Bwana Mkurugenzi, ngamia azae gari ishirini na nne?"

"Kiugu, wewe umeajiriwa kuandika ama kufikiria?"

"Kuandika, bwana."

"Haya."

Akaandika mara ishirini na nne. Bwana Mbae akatia sahihi mara ishirini na nne, na zile za mwisho zilikuwa mstari tu. Jattani hakujua kusoma fomu, lakini mambo ya mama na ndama aliyajua toka akiwa hajaota meno ya pili. Alihesabu kwa vidole. Vikaisha. Akaanza tena upya. Kisha akainamisha uso, akajifanya anafunga kiatu, na kiatu chenyewe kilikuwa sandali ya tairi.

Fardosa alipoambiwa alicheka mpaka akamwaga nusu mtungi. "Shemeji! Kwa hivyo sasa wewe ni tajiri?"

"Mimi sitaki gari. Nataka ngamia."

"Najua. Lakini wao hawajui."

Alhamisi ilifika na mahema, zulia jekundu, na bendi ya shule. Mwenyekiti wa Kimulimuli alikuwa mama mfupi mwenye miwani mikubwa, na alikuja na wahandisi watatu waliovaa glavu, mmoja akibeba sanduku la misumeno midogo. Jattani aliliona lile sanduku, akasogea karibu na Adi. Bwana Mbae alihutubia dakika arobaini. Alisema "ikolojia ya ubunifu" mara sita, na mara moja Kiugu akamkumbusha mahali alipofikia. Kisha Mwenyekiti akapanda gari la kwanza, madereva wakaingia mengine, vimulimuli vikawaka ishirini na vinne, na msafara ukasogea mpaka langoni.

Lango lilikuwa na mnyororo. Mbele ya mnyororo kulikuwa na Daktari Nafiso.

"Ndama ishirini na nne," alisoma kwa sauti ya sokoni. "Mama yao ni Namba Kumi na Mbili. Mama ni wa kuazimwa. Mwenye mali ni Jattani. Ndama wa mtu hawatoki bila kidole cha mwenyewe."

"Daktari," Bwana Mbae alinong'ona, jasho likimtoka kwenye kola, "leo tufumbe macho kidogo."

"Sahihi ni yako. Zote. Hata hizi za mstari."

Mwenyekiti akateremsha kioo. "Kuna nini? Hebu nione hiyo karatasi." Akaisoma, akavua miwani, akaivaa tena, na kwa sababu kipaza sauti kilikuwa bado kimebandikwa kifuani kwake, uwanja mzima ukasikia: "Mpokeaji, Mamlaka na Kampuni. Sababu ya kuazimwa, mpokeaji hana kitu."

Kisha sauti ya Fardosa ikatoka nyuma ya hema: "Woi! Maskini! Wapewe maziwa!"

Watu wakaangua kicheko. Bendi ya shule, ikidhani hiyo ndiyo ishara, ikaanza kupiga.

"Mzee ni nani hapa?" Mwenyekiti aliuliza.

Jattani akajitokeza na kitambulisho chake shingoni. Maisha yake yote wakubwa walikuwa wakimwomba kidole, cha kura, cha msaada, cha mkutano ambao hakuhudhuria, na kila mara alikitoa haraka ili asiwacheleweshe. Leo alikificha ndani ya ngumi.

"Mzee, tafadhali, weka kidole tupite. Watu wa televisheni wanangoja."

"Kidole iko, mama. Lakini mama atoke kwanza."

"Mama gani?"

"Mama yao." Akaonyesha magari.

Mwenyekiti akamtazama Bwana Mbae. Bwana Mbae akaanza kueleza kwamba kumtoa Namba 12 kunahitaji kuitisha upya Kamati ya Kukabidhi, na kwamba kwa mujibu wa orodha—

"Saini," Mwenyekiti alisema.

Bwana Mbae akasaini kibali cha Adi. Mnyororo ukashuka. Adi akaletwa, akapita pole pole kati ya magari kama mtu anayekagua gwaride, akafika juu ya zulia jekundu, akasimama, na akafanya haja yake bila haraka yoyote. Kisha akatoka nje ya lango. Jattani hakupumua mpaka mguu wa nyuma wa mwisho ulipovuka.

Mhandisi mwenye sanduku akamgusa Ridwan begani. "Na Namba 12 iko wapi?"

"Imepita sasa hivi," Ridwan alisema.

"Haya mzee, kidole," Mwenyekiti alisema.

"Naweka. Lakini hawa ni ndama, hawana meno. Ndama mdogo hatengwi na mama. Wakitoka, wamfuate."

"Ndivyo kanuni inasema," Nafiso aliongeza, na hakuna aliyethubutu kumwuliza ni kanuni gani.

Jattani akaweka kidole mara ishirini na nne. Na hivyo ndivyo uzinduzi ulivyofanyika. Adi hakupenda njia ya mjini. Alishika njia ya Kipsing, kisha akaiacha, akaingia kwenye migunga, na magari ishirini na manne ya umeme yakamfuata kwa mwendo wake, yakiwa na bendera, Mwenyekiti mbele akiwapungia mkono mbuzi. Fardosa na nusu ya mji walifuata kwa miguu na hawakuachwa nyuma. Mwendo wa robo tatu ya saa kutoka ule ua, Adi alizunguka mara mbili, akapiga magoti. Msafara ukasimama. Jattani akavua koti.

Ndama alikuwa jike, mweupe, miguu mirefu isiyojua pa kwenda. Jattani alimpangusa pua kwa shuka lake. Fardosa alikuwa analia na kutukana kwa pamoja. Daktari Nafiso akafungua fomu mpya juu ya boneti ya gari la Mwenyekiti.

"Mama?"

"Adi," Jattani alisema.

Nafiso akaandika Adi.

Mwenyekiti alitazama yote hayo kupitia kioo. Aliomba zile fomu, akazipitia moja moja mpaka ya mwisho, kisha akamwita Bwana Mbae dirishani na kumwuliza swali moja. Bwana Mbae alisema jambo hilo linahitaji mashauriano mapana. Kamati ya watu kumi na wanane imeundwa, imekaa mara nne, imekunywa chai, imekwenda Naivasha kujifunza kwa wengine, na imeomba muda zaidi. Ripoti yake bado ni ukurasa mmoja, na juu yake limeandikwa swali lenyewe, kama lilivyoulizwa pale migungani:

"Ndama ni wa mzee, mama ni wa mzee, magari kwa sahihi yako mwenyewe ni ya mzee. Sasa, Bwana Mbae, sisi tulinunua nini?"